Tulivyochelewa Msibani kwa Mzee Anselmi

Mama Jasinta tulimzika Louisville mwezi uliopita, na kwenye matanga yake Papa Fidele alisimama kuhadithia safari yetu ya Buffalo. Akaiharibu. Alisema theluji ilitufika magotini, kumbe ulikuwa mwezi wa tano na mimi nilikuwa nimevaa viatu vya wazi. Alisema meya wa mji alikuwepo na alitoa hotuba. Meya gani? Mtu mkubwa kuliko wote pale alikuwa profesa mmoja wa muziki, na yeye hotuba yake ilimshinda. Mwisho akasema eti yeye ndiye aliyeshika sauti ya nne, besi, siku ile, na hapo nusura nisimame, maana Papa Fidele ni mtu wa sauti ya tatu tangu aumbwe. Lakini msibani watu hawasahihishani. Nilimeza mate, nikala wali na maharage yangu, nikarudi Columbus na hasira zangu. Hapa kwenye karatasi ni kwangu, na hapa nitasahihisha nipendavyo.

Habari za kuzaliwa kwangu, za vita na za kambi nawaachia wengine. Zimeandikwa mno, tena mara nyingi na watu waliokaa nasi siku mbili na kamera shingoni. Mimi nataka kueleza mwaka mmoja tu, ule niliokuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, nikiishi Iroquois, upande wa kusini wa Louisville, katika nyumba ya ghorofa ya chini ya Mama Jasinta. Hakunizaa. Alikuwa mwenyekiti wa kwaya yetu tangu tulipokuwa kambini Kigoma, na tulipofika Marekani akanichukua kama mtu anavyochukua mwavuli ulioachwa kanisani, bila kuuliza sana ni wa nani. Sebule ilikuwa na makochi yenye vitambaa alivyofuma mwenyewe, kalenda za miaka iliyokwisha pita kwa sababu picha zake zilikuwa nzuri, na meza moja kubwa ambayo Jumatano na Ijumaa ilisukumwa ukutani ili kwaya ipate pa kusimama. Jirani wa juu alikuja mara mbili kulalamika harufu ya dagaa. Kelele za kwaya hakuzilalamikia hata siku moja, na Mama Jasinta alilihesabu jambo hilo kama ushindi wa injili.

Asubuhi nilikuwa katika ghala la viatu, nikibandika karatasi za anwani kwenye maboksi. Si kazi mbaya, nisije nikasikika ninajidai, ilitulisha. Lakini ukibandika karatasi muda mrefu, akili inaanza kuzurura, na yangu ilizurura mahali pamoja tu. Jumapili mchana kwaya yetu iliazimwa kanisa na Wamarekani weusi wa mtaa wa pili, na chini ya kanisa hilo palikuwa na chumba ambamo mama mmoja mzee, Miss Odessa, mwalimu mstaafu, alifundisha watoto violini. Nilianza kusimama mlangoni. Nilisimama Jumapili moja, nikasimama ya pili, na ya tatu akaniambia, bila kugeuka, "Mlango wangu si kituo cha basi. Ondoka, au ingia." Nikaingia. Akanipa violini yenye ufa ubavuni, akaniambia nisiiite mbovu kwa sababu ilikuwa inasikia.

Miss Odessa hakuwa na huruma na alikuwa na hadithi moja. Hadithi hiyo ilikuwa maisha ya Anselm Coverdale, mpiga violini, kiongozi wa bendi na mtunzi wa muziki wa karne ya kumi na tisa, Mmarekani mweusi ambaye bibi mzaa bibi yake Miss Odessa alifua nguo za bendi yake. Vitabuni hayumo. Alikuwa mdomoni mwa familia ile tu, na Miss Odessa hakuzaa, kwa hiyo alimgawa kwa wanafunzi. Utaratibu wake ulikuwa huu: nikipiga zoezi la wiki bila kosa, ananisimulia kipande kimoja cha maisha ya Anselm, nikikosea, Anselm anabaki pale pale alipokuwa hadi wiki inayofuata. Ndiyo maana maisha ya mtu yule nimeyajua kwa vidole. Alizaliwa Louisville utumwani, akapiga violini kwenye meli za mvuke za mto Ohio akiwachezesha matajiri. Akavuka mto ule usiku mmoja kwenda ng'ambo isiyo na utumwa, na jinsi alivyovuka nilisimuliwa mara moja tu kwa sauti ndogo, kisha Miss Odessa akafunga mada. Akafika Columbus, akaunda bendi ya nyuzi na tarumbeta. Nusu ya wapigaji wake hawakujua kusoma muziki, basi aliwataka waimbe kwanza sehemu zao ndipo waguse vyombo. Aliongoza kwa upinde wa violini yake mwenyewe. Alikuwa akipiga, na alipotaka tarumbeta ziingie aliuinua upinde juu na kuwaonyesha nao, halafu akaurudisha kwenye nyuzi kabla nyuzi hazijapoa.

Hapo Columbus Anselm alikwama miezi miwili. Hakukwamishwa na polisi wala na deni. Alikwamishwa na kidole changu cha nne, kile kidogo, ambacho kilikataa kufika mahali pake.

"Vipi Anselmi leo?" Mama Jasinta aliniuliza akisonga ugali. Jina lile lilimpendeza sana. Kwetu Burundi kina Anselmi ni wengi, na nadhani moyoni alishamtafutia hata kijiji.

"Bado yuko Columbus," nikamjibu.

"Maskini. Kakwama na nini?"

"Na mimi, Mama. Kidole changu."

"Usijilaumu, mwanangu. Atatoka tu."

Ndivyo tulivyozungumza mwaka mzima, na leo nikiyaandika maneno yale nashika kichwa. Mimi nilikuwa nasimulia historia. Yeye alikuwa anasikia habari za mzee fulani, rafiki wa mwalimu wangu, mtu wa safari nyingi na afya ndogo. Na kilichoingia masikioni mwa Mama Jasinta jikoni, kesho yake kilikuwa Columbus kwa simu, kesho kutwa Buffalo. Wanakwaya walianza kuniuliza habari zake mlangoni mwa kanisa. Nilipotangaza kwamba hatimaye Anselmi amehamia Buffalo, mama mmoja wa sauti ya kwanza akasema afadhali, kule nyumba ni nafuu. Nilicheka nikidhani anafanya mzaha.

Mwezi wa pili nilipiga zoezi gumu kuliko yote bila kosa, na Miss Odessa, badala ya kunipongeza, alivua miwani akanipa kipande cha mwisho. Anselm aliugua kifua Buffalo. Wapigaji wake walikuwa wamekwenda kupiga mji mwingine ili pesa ya dawa ipatikane, theluji ikafunga reli, na yeye akafa bila hata mmoja wao kando yake. Akazikwa na watu wa manispaa, bila jiwe, bila noti moja ya muziki. Mtu aliyewachezesha watu wa miji mitatu akafukiwa kimya. Nilirudi nyumbani nikilia waziwazi ndani ya basi, na nilipoingia Mama Jasinta akaacha sufuria mekoni.

"Nini?"

"Anselmi amekufa."

Akaketi chini. Akaondoa kilemba akakifunga upya, jinsi wanawake wetu wanavyofanya habari ya msiba ikifika. "Nani alikuwa naye?"

"Hakuna. Wamemzika bila wimbo."

"Bila wimbo?" alisema, na alilirudia neno hilo jioni yote, kwenye simu ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kambini kwetu watu walizikwa bila sanda na bila jeneza. Bila wimbo hakuzikwa mtu. Kwaya ilikuwepo kwa ajili hiyo kabla ya kuwepo kwa ajili ya Jumapili.

Kisha likaja jambo langu. Kamati moja ya Buffalo, iliyosumbuliwa miaka na barua za Miss Odessa, ilikuwa imepata mahali Anselm alipolala na ilitaka kumwekea jiwe mwezi wa tano. Katika kamati ile alikuwemo mkuu wa chuo cha muziki cha huko, profesa mmoja kibonge mwenye sauti nyembamba, ambaye alikuwa na nafasi moja ya mwanafunzi wa kusomeshwa bure. Miss Odessa alimpigia simu mbele yangu. Alipokata akasema, "Utapiga machi ya Anselm pale kaburini. Huo ndio mtihani wako. Ukimpendeza, unaacha ghala. Usipompendeza, maboksi yapo." Machi ile, yaani muziki wa gwaride, tena ya polepole, ndiyo tungo pekee ya Anselm iliyobaki, na yenyewe ilibaki nusu: karatasi ya violini tu. Sehemu za wengine zilipotea zamani. Kuisikiliza ilikuwa kama kumsikiliza mtu akiongea na simu. Unasikia swali, halafu kimya kirefu, halafu anacheka na hujui kaambiwa nini. Katikati kabisa violini inanyamaza muda mrefu wa kutisha, na mimi nilijua kwamba nitasimama pale mbele ya profesa, upinde mkononi, na watu watadhani nimesahau. Profesa mwenyewe alishauri nipige mwanzo tu niishie hapo. Miss Odessa akamwambia kwamba Anselm ameshakatizwa vya kutosha.

Nilipomwambia Mama Jasinta kwamba jiwe la Anselmi linawekwa Buffalo na kwamba nitapiga, alisema neno moja, "Tutakwenda." Si yeye peke yake, kwaya nzima. Mwenzenu nilijivuna! Watu wa zamu za kiwandani, wanaoomba ruhusa kwa kubembeleza, wanakodi gari kwenda kunisikiliza mimi nikifanya mtihani. Nilitembea ghalani kichwa juu. Nilimwambia hata msimamizi wangu, ambaye hakuwa ameuliza.

Tuliondoka Louisville Jumamosi asubuhi, tukafika Reynoldsburg, pembeni ya Columbus, mchana, nyumbani kwa Papa Fidele, Mkongo wa Bukavu aliyekuwa ameongoza kwaya yao ya Columbus kwa miaka mingi. Watu wake walikuwa wajiunge nasi. Alikuwepo pia Otieno, Mkenya wa Westerville, mhasibu, ambaye kanisa lao lilituazima basi lake dogo na yeye kama dereva. Meza ilijaa: kisamvu wanachokiita sombe, ugali wao wa fufu, samaki wa kukaanga, maharage, na mahali pa heshima palikuwa pamewekwa kiti kitupu. Niliona wanawake wote wamevaa vitenge vyeusi. Nikadhani ni sare mpya. Papa Fidele akanishika mikono yote miwili.

"Pole sana, mutoto yangu. Pole, pole. Bon, tulisikiaka habari, tukahuzunika sana. Ile muzee aliachaka batoto ngapi?"

"Hakuacha mtoto, Papa."

Wanawake wakaguna mezani kote. Mtu akasukuma sahani ya samaki kwangu.

"Na myaka yake? Alikuwa na myaka ngapi?"

"Hamsini na kitu hivi."

"Eh! Kijana! Donc hospitali ya Buffalo ilishindwaka kumusaidia?"

"Papa, hospitali gani?" nikasema, tonge mkononi. "Alikufa zamani. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita."

Papa Fidele alirudisha fufu yake kwenye sahani taratibu. Otieno ndiye wa kwanza kufungua mdomo, akiniita kwa jina langu.

"Hold on, hold on. Konso, unasema tunaenda funeral ya mtu wa karne ya kumi na tisa? Na boss wangu nimemwambia ni emergency?"

Mtu mmoja akaanza kucheka, akazuiwa. Mimi nilikuwa bado nageuza maneno kichwani, na yaliponikaa sawa yaliniuma. "Kwa hiyo hamkuja kunisikiliza mimi?" nikauliza.

"Wewe tunakusikia kila siku kupitia ukutani," alisema Mama Jasinta. Hakuwa amecheka wala hakuwa amestuka. Alikuwa ananitazama kwa makini kama anavyotazama mchele kabla ya kuuosha. "Ngoja. Kufa amekufa?"

"Ndiyo, Mama."

"Na kuzikwa, alizikwa bila wimbo, kama ulivyosema?"

"Bila hata mmoja."

"Na tangu siku hiyo, miaka yote hiyo, hakuna watu waliokwenda kumwimbia?"

"Hakuna."

"Basi tumechelewa sana," akasema. "Kawia ufike. Maliza kula, mwanangu, tujue tunaimba nini."

Papa Fidele akafuta mikono. "Njo vile," akasema. "Muntu ni muntu. Kama alikufaka jana ao zamani, kaburi yake iko palepale."

Nimeongoza makundi mengi tangu siku ile, wengine wana shahada ukutani, na sijaona kazi kama iliyofanyika sebuleni kwa Papa Fidele mchana ule. Meza ilisukumwa ukutani. Mama Jasinta aliniambia nipige machi yote, pamoja na vile vimya vyake. Nikapiga. Akaniambia nirudie. Mara ya pili wazee walikuwa wamefumba macho, na nilipofika kwenye kimya cha kwanza nikasikia, nyuma yangu, sauti ya nne ya mzee mmoja mkata nyama ikishuka polepole kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Ilinisimamisha nywele. Sisi kwaya zetu hazingoji karatasi. Mmoja anaanzisha, wengine wanatafuta sauti, na asiyepata anasogea karibu na aliyepata hadi apate. Wanawake wa sauti ya pili waligombana kidogo. Papa Fidele alipanda juu mno akarudi. Ile sehemu ya katikati niliyoiogopa miezi yote, walipoiingia, nilielewa kwa nini Anselm alinyamaza pale. Alikuwa ameteremsha upinde ili awasikie watu wake. Nililia tena, na safari hii nililia kwa furaha tupu. Mama Jasinta akauliza kama marehemu aliacha maneno. Nikasema hapana, ilikuwa ya vyombo tu. "Basi tutampa jina lake na njia yake," akasema. Maneno yakawa hayo: Anselmi, Louisville, Columbus, Buffalo, tumekuja. Siku ya pili tuliyaimba ndani ya basi la Otieno kutoka Columbus hadi ziwa lilipotokea upande wa kushoto, naye Otieno, aliyesema haimbi, alishika sauti ya tatu tangu Cleveland na kuanza kuwasahihisha wengine.

Makaburi ya Buffalo ni makubwa na mazuri, yana miti mirefu na vilima, na upepo wa ziwa unapita bila kuombwa. Tulikuta viti vichache vimepangwa, watu wa kamati wakiwa na makoti yao mepesi, Miss Odessa mbele kwenye kiti cha magurudumu amefunikwa blanketi, na jiwe lililofunikwa kitambaa cheupe. Profesa alikuwa kando na karatasi ya ratiba. Alipotuona tukiteremka kwenye basi, vitenge vyeusi, masufuria ya chakula yamefungwa kwa vitambaa, wanaume wamevua kofia, alimuuliza Miss Odessa kama kuna mazishi mengine karibu. Miss Odessa akainua mabega. Alikuwa hajui lolote. Kwake mimi nilikuwa ninakuja peke yangu.

Profesa akafungua shughuli. Alisoma maisha ya Anselm kama Miss Odessa alivyoyatoa, vizuri tu, kisha akafika mahali akasema kwamba kamati imetafuta sana ndugu wa marehemu na haikupata hata mmoja, na kwamba kwa hiyo hakutakuwa na neno la familia. Nilikuwa nimesimama na violini, nikimtafsiria Mama Jasinta polepole. Nilipofika hapo akanishika kiwiko.

"Amesema hakuna familia?"

"Ndiyo."

"Twende," akasema, na kabla sijajua nilikuwa mbele ya watu, yeye ubavuni mwangu. "Mwambie hivi. Sisi ni kwaya yake."

Nikasema kwa Kiingereza. Profesa aliyekuwa ana nafasi yangu mkononi alikuwa ananitazama, na hiki hakikuwemo kwenye ratiba.

"Mwambie tumetoka Louisville, tumepita Columbus, kama alivyopita mwenyewe. Mwambie wenzake walizuiwa na theluji, hawakumtupa. Mwambie na sisi tumezuiwa na mambo mengi, tunaomba radhi kwa kuchelewa. Na sasa tumefika, asilale kimya tena."

Nilitafsiri yote. Nilipomaliza Miss Odessa alikuwa amejishika uso. Profesa aliiacha hotuba yake katikati, akakunja karatasi akaketi. Mama Jasinta akarudi kwenye mstari. Nikaweka violini begani.

Nilianza machi peke yangu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuogopa, kwa sababu nilijua nyuma yangu kuna nini. Kilipofika kimya cha kwanza niliinua upinde, nikawaonyesha watu wa sauti ya nne kama yeye alivyoonyesha tarumbeta zake, nao wakaingia. Watu wa kamati waligeuka vitini. Nikarudisha upinde, nikapiga, nikauinua tena kwa sauti ya pili, na jina la Anselmi likatoka vifuani mwa wanawake wale kwa nguvu iliyonifanya nikaze miguu. Papa Fidele aliingia kabla ya wakati wake, tena chini, akatumbukia sauti ya nne kwa makosa, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kumtoa, akabaki huko hadi mwisho. Basi hiyo ndiyo sauti ya nne anayojisifia. Lakini kile kimya kikubwa cha katikati, nilipoteremsha upinde kabisa na kusimama mikono mitupu mbele ya profesa, mbele ya mtihani wangu, hakikuwa kimya hata kidogo. Sauti zote nne zilipanda kwa pamoja, na yule bwana wa kukata majani ya makaburini kule mbali alizima mashine yake. Niliwasikiliza kama Anselm alivyowasikiliza wake. Nikasema moyoni, hata nafasi ikinipita, hiki nimekipata. Kisha nikaingia nao, tukamaliza.

Miss Odessa ndiye aliyeanza makofi, kwa kupiga kiganja juu ya goti lake. Profesa alinijia akifuta macho bila aibu. "Hizo sehemu nyingine," akasema, "umezipata wapi? Nani kaziandika? Nazihitaji, wanafunzi wangu wote lazima wazipige."

"Hazijaandikwa," nikamwambia. "Mimi sijui kuziandika."

Akanitazama, akamtazama Miss Odessa, ambaye alikuwa anatazama miti kama mtu asiyehusika. "Basi njoo ujifunze kuziandika," akasema. "Masomo yanaanza mwezi wa tisa. Nafasi ni yako. Zije zote, na ile ya yule bwana aliyeimba vibaya ije pia."

Nikageuka nimtafsirie Mama Jasinta. Nilikuwa nimeshapanga maneno, kwa Kirundi kabisa, ili yaingie vizuri. Hakuwepo mahali pake. Kwetu ukishamwimbia marehemu na ukalia ukatosheka, matanga yanaondolewa, na matanga yakiondolewa watu hucheza. Alikuwa amekwisha kifungua kile kitenge cheusi, chini yake amevaa cha njano, akaianzisha machi ile ile kwa mwendo wa harusi, na kwaya nzima ilikuwa inamfuata kwa hatua kulizunguka jiwe, Otieno ndani yake, kamati ndani yake, Miss Odessa akisukumwa kwenye kiti chake. Nikapiga kelele kwamba nimepita, jamani, nimepita. Hakuna aliyenisikia. Basi mimi, kiongozi wao, nikashika violini nikakimbia kuwafuata.